Ugali Uliotoka Damu: Somo kwa Wapenzi wa Vitabu vya Siri



Tangu muhula huu uanze kuna kitabu kimoja kinachozunguka katika mabweni yetu kama sahani ya karanga. Jalada lake limekwisha kupotea, na kurasa zake za mwisho zimeshonwa kwa uzi. Kitabu chenyewe ni "Inferno", alichokitunga Mmarekani Dan Brown na kupigwa chapa mwaka 2013. Mwalimu wa zamu amekinyang'anya mara mbili. Nasikia mara ya pili alikaa nacho siku nne, jambo ambalo si kawaida kwa kitabu kilichokamatwa.

Asiyekisoma, habari yake kwa ufupi ni hii. Profesa mmoja aamka hospitalini mjini Florence, katika nchi ya Italia, naye hakumbuki lililompata. Watu wenye silaha wamfukuza. Afuata mafumbo yaliyofichwa katika utenzi wa kale wa Dante juu ya Jehanamu, aingia kanisa hili na kutoka lile, mpaka afika Istanbul. Huko, ndani ya birika la kale lililo chini ya ardhi, tajiri mmoja mtaalamu wa elimu ya viumbe alikuwa ameficha kirusi cha kuwafanya watu wawe tasa. Siri ya dini, chupa ya mtaalamu, na mkono uliofichika: hayo ndiyo mafiga matatu ya vitabu vya namna hii, na chungu chake huiva haraka.

Mimi sina ugomvi na vitabu hivi. Mtoto asomaye kurasa mia tano kwa hiari yake ni mtoto wa kushukuriwa. Ninaandika somo hili kwa sababu ya mkate.

Baada ya mapumziko ya katikati ya muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alifungua sanduku lake akakuta kipande cha mkate alichokisahau. Kilikuwa na matone mekundu, mabichi, yaking'aa, mfano wa damu iliyotoka kidoleni sasa hivi. Kabla ya kengele ya chakula cha jioni habari mbili zilikuwa zimeenea. Ya kwanza ilisema kijana yule ameletewa kafara kutoka kwao, na kwamba mkate haulii damu bure. Ya pili ilitoka kwa wasomaji wa kile kitabu: ati kuna watu wanatujaribia sumu kwa siri katika chakula cha shule, na mkate ule ndio ushahidi. Wenye habari hizi mbili walibishana sana, ila katika jambo moja walikubaliana. Kitanda cha kijana kilihamishiwa karibu na mlango, na kwa siku tatu hapana aliyekula naye sahani moja. Siku ya wazazi mama yake alinijia, akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu ataka kurudi nyumbani." Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, huku akitazama chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Kabla sijaeleza tulilolifanya, yafaa mjue kwamba jambo hili lina wakubwa wake.

Katika kiangazi cha mwaka 1819, katika kijiji cha Legnaro karibu na mji wa Padua, kaskazini mwa Italia, mkulima aliyeitwa Antonio Pittarello alikuta ugali wake umetoka madoa mekundu. Msishangae kusikia ugali katika Ulaya. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika kwetu na kwao pia, na wakulima wa sehemu zile waliishi kwa ugali wa mahindi wauitao polenta. Waliupika, wakaumimina, na uliobaki wakaufunika mpaka kesho. Kiangazi kile kilikuwa cha joto na unyevu. Pittarello aliutupa ugali ule akapika mwingine; nao ukawa mwekundu. Majirani wakaona mkono wa Mungu umemwelekea kwa dhambi aliyoificha, na wengine wakasema ni shetani. Kisha wekundu ule ukatokea katika nyumba nyingine, na nyingine tena, hata hofu ikawa ya kijiji kizima. Nchi ile wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na polisi wa serikali wakaamuru jambo lichunguzwe.

Hapa ndipo mtunzi wa hadithi angemleta padre mwenye siri na kitabu cha kale chenye kufuli. Aliyekuja kweli alikuwa daktari wa wilaya, jina lake Vincenzo Sette. Hakuanza kwa kuuliza nani ana dhambi. Alitwaa ugali mwekundu kidogo, akautia katika ugali mzima, akautazama wekundu ukienea. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko yote katika habari hii: aliuotesha wekundu ule katika nyumba ya padre wa kijiji. Fikirini maana yake. Kama ugali hutoka damu kwa sababu mwenye nyumba amemkosea Mungu, basi wanakijiji walipaswa kusema padre wao naye ni mkosaji. Hapana aliyethubutu. Neno la laana likakosa miguu ya kusimamia.

Wakati ule ule mtu wa pili, Bartolomeo Bizio, kijana mwanafunzi wa dawa, alifanya majaribio yake mwenyewe na ugali wenye unyevu, akaonyesha kwamba katika siku moja tu ya joto aweza kuufanya uwe mwekundu. Mwaka 1823 alikipa kiumbe kile jina la Serratia marcescens. Neno la kwanza ni heshima kwa Serafino Serrati, Mwitalia ambaye Bizio aliamini kwamba aliwatangulia wageni kuunda chombo cha kwenda kwa mvuke lakini sifa wakazipata wengine. Neno la pili, kwa Kilatini, ni kitu kinachonyauka upesi, kwa maana rangi ile nzuri haidumu. Ikipigwa na mwanga hufifia. Sette naye alikipa jina lake, refu na gumu, na dunia ikalisahau. Basi hata wataalamu hushindana kama wachezaji wa bao.

Bizio alidhani ameona kuvu mdogo. Leo twajua kwamba kiumbe kile ni bakteria, kijidudu chenye umbo la kijiti. Vijidudu elfu hivi vikipangwa mstari mmoja vyafika milimita moja. Hukaa majini, udongoni, na mahali penye unyevu. Kikipata chakula chenye wanga na joto la digrii 25 hadi 30, hutoa rangi nyekundu; katika joto la mwili wa mtu, digrii 37, kwa kawaida rangi hiyo haionekani. Kwa nini yaonekana ghafula namna ile? Fanyeni hesabu. Tuseme kijidudu kimoja hugawanyika kuwa viwili kila nusu saa. Saa ya kwanza vitakuwa vinne, saa ya pili kumi na sita. Lakini endeleeni mpaka saa kumi, yaani tangu mtu alale mpaka aamke akachelewa kidogo, nanyi mtapata 1,048,576. Jioni sahani ni safi machoni, asubuhi ina tone la damu. Jicho linasema jambo limetokea usiku mmoja kwa nguvu isiyoonekana, nalo halikukosea sana, ila nguvu yenyewe ni kuzidisha kwa mbili.

Sasa nirudi kwenye mkate wetu. Nilimwomba kijana anipe. Katika maabara tulichemsha kiazi, tukakikata vipande viwili kwa kisu kilichopitishwa motoni, tukavitia katika chupa mbili zilizochemshwa. Kipande kimoja kiliguswa kwa sindano iliyopita juu ya doa jekundu. Cha pili kiliguswa kwa sindano safi tu. Chupa zote zikafungwa, na ufunguo wa kabati akapewa kiranja aliyekuwa wa kwanza kukihamisha kile kitanda. Siku ya tatu kipande cha kwanza kilikuwa na mstari mwekundu palipopita sindano. Cha pili kilikuwa kiazi tu. Kiranja alitazama muda mrefu, akauliza, "Mwalimu, kwa nini tuliweka cha pili, kama hakikutiwa kitu?" Nikamwambia hicho ndicho chenye kusema. Kama vyote viwili vingekuwa vyekundu, tusingejua wekundu umetoka kwenye mkate, au kwenye kiazi, au kwenye mikono yetu. Kisha vyote tukavichoma moto pamoja na mkate. Wanafunzi, msijaribu haya bwenini: vijidudu vinavyooteshwa huongezeka, na vingine si vya mchezo.

Yako mengi ya kale yanayofanana na ya Legnaro. Mwaka 332 kabla ya Kristo, Aleksanda Mkuu alipouzingira mji wa Tiro, askari wake waliona damu ndani ya mikate yao wakaogopa. Mwaguzi wake akawatuliza kwa werevu: damu iko ndani ya mkate, si nje, basi watakaokufa ni walio ndani ya mji. Mji ulipotekwa alionekana amesema kweli. Lakini je, kama mji usingetekwa?

Tena kuna habari ya Bolsena, katika Italia. Yasimuliwa kwamba mwaka 1263 padre mmoja aliyeingiwa na shaka juu ya Ekaristi alikuwa akisoma misa, na damu ikatoka katika hostia ikalowesha kitambaa cha altare. Kitambaa hicho kimehifadhiwa katika kanisa kuu la Orvieto, na mchoraji Raphael aliichora habari hiyo katika jumba la Papa. Mwaka 1994 mtaalamu mmoja wa Marekani alionyesha kwamba bakteria huyu akioteshwa juu ya mkate wa aina ile hutoa kitu chekundu kama damu. Wako waliosoma hayo wakatangaza kwamba muujiza umevunjwa. Hapana. Jaribio lile limeonyesha linaloweza kutokea, halikuonyesha lililotokea. Mtu wa sayansi akiivuka mpaka huo amekuwa kama wale majirani wa Pittarello, kwa maana naye ameona jambo linalofaa akaliita jambo lililothibitika.

Pahali pengine wekundu huu uliua watu, na haukuwa kwa ugonjwa. Katika Ulaya ya zama zile, hostia ikionekana ina madoa mekundu, mara nyingi Wayahudi walishtakiwa kwamba wameichoma visu. Mtaalamu Christian Ehrenberg wa Berlin, aliyekiona kijidudu hiki juu ya viazi mwaka 1848, alikusanya habari nyingi za kale za namna hiyo na kuziunganisha na kiumbe chake. Katika mji huo huo wa Berlin, mwaka 1510, Wayahudi 38 walichomwa moto kwa shtaka la kununua hostia iliyoibwa na kuidhalilisha. Shtaka hili lilianzia kwenye wizi, halikuanza kwa doa, lakini nalitaja kwa sababu ndani yake mna siri ya dini iliyo ya kweli. Mwizi mwenyewe alikiri kwa padre kwamba Wayahudi wale hawana hatia. Padre alitaka kusema; askofu wake akamkataza. Siri ikakaa karibu miaka thelathini, mpaka mwaka 1539, Melanchthon, mwenzake Luther, alipoifunua mbele ya wakuu waliokutana Frankfurt. Hapakuwa na utenzi wenye mafumbo wala mlango wa chini ya ardhi. Palikuwa na mtu aliyejua, na mwingine aliyemwambia anyamaze.

Mpenzi wa vitabu vya siri atasema: haya, lakini ule mkono uliofichika wenye chupa, huo ni uongo wa watunzi. Nasikitika kumjibu kwamba huo nao umepata kuwapo, tena chupani mlikuwa na kijidudu chetu hiki hiki.

Mwezi wa Septemba mwaka 1950, kwa muda wa juma moja hivi, meli ya jeshi la maji la Marekani iliyokuwa karibu na pwani ya San Francisco ilinyunyiza hewani mawingu ya bakteria, na upepo ukayapeleka mjini. Mmoja wa bakteria hao alikuwa Serratia marcescens. Jeshi lilitaka kujua jinsi mji mkubwa unavyoweza kushambuliwa kwa vijidudu. Walimchagua huyu kwa sababu mbili: walidhani hana madhara, na wekundu wake ni rahisi kumtambua katika sahani za kukusanyia. Rangi iliyomtia Pittarello fedheha ndiyo iliyompa kazi ya upelelezi. Wenyeji wa mji, watu kama 800,000, hawakuulizwa wala kuambiwa.

Majuma machache baadaye, katika hospitali moja ya mji huo, wagonjwa kumi na mmoja walionekana kuwa na kijidudu hiki mwilini, na mmoja wao, aliyekuwa amepasuliwa, akafa. Madaktari wakashangaa, wakaandika habari yao katika jarida la utabibu mwaka 1951, bila kujua lolote juu ya meli. Mwaka 1976 magazeti yakafichua majaribio yale. Mwaka 1977, mbele ya Baraza la Senati, jeshi likakiri kwamba kati ya mwaka 1949 na 1969 lilifanya majaribio 239 ya namna hiyo hewani. Jamaa za marehemu wakaishtaki serikali, na mwaka 1981 wakashindwa. Serikali ilidai kwamba hospitali nyingine za mji hazikuona ugonjwa huo, na kwamba wagonjwa wale wangeweza kuambukizwa humo humo hospitalini. Mahakama haikuona imethibitika kwamba kijidudu kilichomuua mzee yule ni kile kilichotoka melini.

Hapa nawaomba msome polepole, maana ndipo penye somo lenyewe. Kuna madai mawili. La kwanza: serikali iliwanyunyizia watu wake vijidudu kwa siri. Hilo ni kweli, kwa karatasi zake na kwa kinywa chake. La pili: kunyunyiza huko ndiko kulikomuua mtu yule. Hilo halikuthibitika. Mwenye haraka huyafunga madai yote mawili katika kamba moja. Akikubali la kwanza amekubali na la pili, au akikataa la pili amelitupa na la kwanza. Vitabu vya siri huishi kwa kamba hiyo. Ukisoma "Inferno" utaona kwamba Florence ni mji kweli, birika la Istanbul lipo, Dante aliishi, virusi vipo. Na katikati ya kweli hizo nne hupitishwa kirusi kinachoenea dunia nzima kwa juma moja bila mtu kuugua wala daktari kukiona, kisha kikawafanya tasa theluthi moja barabara ya watu wote. Mwanafunzi wa kidato cha tatu na aulize: kirusi hicho kilipita vipi milimani na visiwani pasipo na abiria? Nani aliyekipimia hiyo theluthi? Kuuliza hivyo hakuharibu utamu wa kitabu. Mimi nilipouliza niliendelea kusoma mpaka taa ikazimwa.

Kijana wetu amerudishiwa mahali pa kitanda chake, na kiranja ndiye aliyekibeba upande wa kichwani. Mama yake ameleta mkate mwingine, wa darasa zima, nao haukukaa hata usiku mmoja.

Anayetaka kukiona kijidudu chenyewe, au angalau jamaa zake, haina haja ya kwenda Padua. Utando wa rangi ya waridi unaoota kwenye beseni na kwenye sakafu za bafu zenye unyevu mara nyingi ni wa Serratia. Kwa mtu mzima mwenye afya hauna neno kubwa, lakini kwa mgonjwa mwenye kidonda au mpira wa mkojo huwa hatari, na ndiyo maana wauguzi hawaupendi. Upo katika bafu la tatu, kona ya kushoto chini ya bomba. Watazameni bila kuugusa, kisha mkumbusheni mwenye zamu ya usafi alete brashi.